Mstari wa Pili

Gari nililokuwa naendesha siku ile si langu. Ni la marehemu baba, Corolla nyeupe ya zamani, mlango wake wa nyuma unafunguka kwa nje tu na redio yake inakamata stesheni moja. Nasema mapema, msomaji usije ukadhani mimi ni kijana mwenye vijisenti. Mafuta yenyewe tulichangiana na mshikaji wangu, tukiwahi kikao cha waandishi chipukizi ambacho hata hatukufika.

Ilikuwa Juni 2023, Barabara ya Sam Nujoma, karibu na Mwenge. Mama mmoja na mtoto mwenye begi la shule walikuwa wameshatia mguu kwenye zebra. Mimi nilikuwa nasimulia mwisho wa hadithi yangu, ule mwisho ambao bado sijauandika mpaka leo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine hewani. Nikapita. Yule mama akamvuta mtoto nyuma. Nilimwona kwenye kioo, amesimama na mkono umebaki juu, kama mtu aliyekuwa anataka kuuliza swali darasani mwalimu akamruka.

Hatua hamsini mbele, trafiki. Mwanamama wa makamo, kofia nyeupe, sare imenyooka utafikiri haikaliwi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Pale kwenye zebra umeona nini?"

"Nimeona watu, afande."

"Umewaona?"

"Nimewaona nimeshapita."

Akacheka kidogo, lakini mkono ulikuwa tayari unadai leseni. Mshikaji akaninong'oneza, "Mwachie ya soda tukale kona." Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu nne. Sijisifu kwamba nilikataa rushwa kwa sababu ya uadilifu. Elfu nne ni aibu hata kuitoa. Na isitoshe yule mama wa zebra alikuwa bado namwona kichwani.

Afande akabonyeza kimashine chake, kikatoa karatasi refu kama risiti ya dukani: namba ya gari, namba ya leseni yangu, mahali, saa, kosa, shilingi 30,000, na ile namba ya malipo ambayo watu wote mjini wanaiita kontroli namba. Kabla hajaniachia akasema kitu ambacho ndicho kilichozaa maandishi haya.

"Hii ni ya leo. Lakini gari yako ina nyingine ya nyuma. Kaiangalie, isije siku moja ikalala kituoni."

Nikadhani ananitisha.

Usiku nikaingia kwenye ule ukurasa wa polisi wa kuangalia deni la gari. Unaandika namba ya gari, unangoja, mtandao unazunguka kama bundi, halafu inakuja orodha. Mstari mmoja kwa kosa moja. Wa kwanza ulikuwa wangu: Mwenge, kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Wa pili ulikuwa wa Novemba 2018. Mahali: kijiji kimoja baada ya Chalinze, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Kosa: mwendo kasi, kilomita 71 kwa saa kwenye kibao cha 50. Deni lilikuwa halijalipwa na lilishaongezewa adhabu ya kuchelewa. Namba ya leseni haikuwa yangu. Ilikuwa ya dingi.

Nilicheka peke yangu chumbani. Mwalimu mwendo kasi? Mtu mzima alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na alikuwa akiendesha gari kama anayesahihisha madaftari, hairuki mstari. Daladala zilimpigia honi toka Kimara mpaka Magomeni. Sisi watoto tulikuwa tukimwambia, "Mzee, hata kobe anatupita," naye anajibu, "Kobe hajawahi kugonga mtu." Kilomita 71! Nikataka kumwita mama aje acheke.

Halafu nikaitazama tarehe tena. Ijumaa. Ijumaa ile.

Hapa lazima nirudi nyuma, na sipendi kurudi huko.

Mimi nimesoma ualimu, Kiswahili na fasihi, katika chuo kimoja cha Morogoro. Baba hakutaka. Yeye alitaka mhandisi, au basi angalau mhasibu, mtu wa namba. Nilipomwambia nataka fasihi aliniuliza swali moja tu: "Fasihi inapimwa kwa nini?" Sikuwa na jibu na mpaka leo naliogopa swali hilo. Miaka mitatu tuliongea habari za ada na afya, hatukuongea lingine. Mahafali yalikuwa Ijumaa ya Novemba 2018. Mama alikuwa Tanga anamuuguza dada yake, kwa hiyo kwa upande wetu alikuwa aje baba peke yake. Aliniambia kwenye simu, "Nitakuja." Hakusema zaidi.

Hakuja. Nilikaa kwenye joho la kukodi chini ya turubai, nikigeuka nyuma kila gari lilipoingia. Wenzangu walivishwa mataji ya maua, wakapigwa picha na shangazi zao, wakabebwa juu. Mimi nilipigwa picha na rafiki wa rafiki. Niliporudi Dar baada ya siku tatu nilimuuliza, akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti: "Gari lilisumbua njiani." Ndiyo hivyo tu. Nikajisemea moyoni, sawa, nimeelewa, hiyo ndiyo alama uliyonipa.

Alifariki 2021. Tuliongea, ndiyo, nilimuuguza hata. Lakini ile Ijumaa haikutajwa tena, na mimi niliibeba kama mtu anavyobeba risiti mfukoni akisubiri siku ya kudai.

Basi sasa nimekaa na simu mkononi, na simu inaniambia kwamba Ijumaa ile, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Corolla ilikuwa imeshapita Chalinze na ilikuwa inakwenda 71.

Mama nilimwambia kesho yake, jikoni. Aliacha kuchambua mchele.

"Aliniambia gari lilisumbua," akasema.

"Hata mimi."

"Sasa kama alifika huko, mbona..." Akanyamaza, akaendelea na mchele. Baadaye akasema, "Lipa tu, mwanangu. Hela ya marehemu isikae barabarani."

Mjomba, ambaye kila jambo analijua, aliniambia vivyo hivyo kwa lugha yake: "Mpwa, thelathini na kiadhabu chake, lipa, ishi. Nauli tu ya kwenda kuuliza inazidi." Na kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Baba mwenyewe angekubaliana naye.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja. Katika mabunda ya karatasi za baba, yale tuliyoyapanga 2022 niliposimamishwa kuwa msimamizi wa mirathi, nilikumbuka kuona stakabadhi ya mahakama. Wakati ule nilidhani ni ya kiwanja. Nikafungua sanduku. Ilikuwa ya tarehe ileile, shilingi 30,000, malipo ya faini. Juu yake iliandikwa namba: Kesi ya Usalama Barabarani, namba fulani ya 2018.

Kumbe alilipa. Alilipa mahakamani siku ileile, na ule mstari kwenye orodha ulibaki hai kwa sababu hakuna aliyeipeleka stakabadhi ile mahali pa kuufuta. Sasa swali halikuwa tena la hela. Swali lilikuwa, mahakamani alikwenda kutafuta nini?

Maana, ndugu msomaji, kama hujawahi kuandikiwa, jua kwamba ile karatasi haikulazimishi kwenda mahakamani. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ile Sura ya 168, inakupa njia mbili. Ukikiri, unalipa faini na mambo yameisha, wala huhitaji kuwa na hela papo hapo, unapewa siku za kulipa. Ukikataa, unasema hapohapo kwamba unakataa, na hapo ndipo suala linakwenda kwa hakimu. Wengi wetu hatukatai hata tukiwa na haki, kwa sababu tunaona uvivu wa kesi. Mtu pekee ninayemjua ambaye angeweza kukataa kwenye jua la asubuhi, kando ya barabara kuu, akiwa na safari, ni baba.

Nikapanda basi stendi ya Mbezi. Sikuchukua gari. Sikutaka kupita kwenye kijiji kile nikiwa nyuma ya usukani uleule.

Ukiwa abiria unaiona barabara ile vizuri. Vibao vya 50 vinafuatana kila penye nyumba nne na genge la nyanya. Dereva anapunguza, anakaza, anapunguza. Magari yanayotoka mbele yanawashiana taa, maana yake tochi ipo. Dereva wetu aliwashiwa mara tatu na kila mara alipunguza kwa adabu kama mtu aingiaye msikitini. Baba hakuwahi kuelewa lugha ya taa. Alidhani wanamwambia taa zake zinawaka mchana, na alikuwa akizikagua.

Mahakama yenyewe sitaitaja. Ni ya wilaya, jengo la bati, mwembe mmoja, na chini ya mwembe watu wanaosubiri kuitwa. Nilifika saa tatu nikidhani nitaondoka saa nne. Ujinga wa mtu wa mjini.

Masijala ni chumba kimoja chenye dirisha dogo. Ndani kulikuwa na karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una kesi?"

"Hapana mama. Natafuta kesi ya zamani. Ya baba."

"Ya baba kafanyaje?"

"Barabarani. 2018."

Aliniangalia juu ya miwani. "Watu wanatafuta kesi za viwanja humu, za ndoa, za mauaji. Mtu wa kutafuta kesi ya barabarani ya 2018 sijapata kumwona. Baba yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole." Akavuta kiti. "Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi. Eleza wewe nani, unataka nini, kwa nini. Weka na karatasi ya mirathi."

Niliandika barua kwenye karatasi ya daftari, juu ya goti, chini ya mwembe. Nimeandika hadithi nyingi zilizonipa shida kidogo kuliko barua ile. Ile sehemu ya "kwa nini" niliifuta mara tatu. Mwisho nikaandika kwamba nahitaji nakala ili deni la gari lifutwe, jambo ambalo lilikuwa kweli, kama vile "gari lilisumbua" lilivyokuwa kweli.

Nieleze kidogo kuhusu utafutaji, kwa ajili ya yule atakayehitaji. Kwanza nilishajaribu mtandaoni. Iko hazina ya hukumu za mahakama zetu inayoitwa TanzLII, ya bure, na ukipenda lugha ya kesi unaweza kupotelea humo usiku kucha. Lakini humo utakuta zaidi mambo makubwa, rufaa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Faini ndogo ya mwalimu mstaafu sikuikuta. Hiyo inakaa kwenye jalada la karatasi, na jalada linakaa kwenye mahakama iliyo karibu na mahali kosa lilipotendeka, wala si karibu na unapoishi. Pili, namba za kesi zinaanza upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila mwaka ni bure. Kama huna namba, uwe na tarehe na jina kama lilivyoandikwa kwenye leseni, kwa sababu utapekua rejista mstari kwa mstari. Tatu, ukiambiwa ulipie kupekua au kunakiliwa, unapewa namba ya malipo ya serikali na unalipa kwa simu. Hakuna kumpa mtu mkononi.

Saa sita barua ikarudi na maandishi mekundu pembeni: *Apewe*. Karani akafungua kabati. Rejista ya 2018 ilikuwa kubwa kama meza. Akapitisha kidole: majina ya madereva wa malori, wa mabasi, wa bodaboda, taa mbovu, abiria kuzidi, kukosa bima. Ukurasa baada ya ukurasa wa watu waliokuwa wanakwenda mahali. Nikajikuta najiuliza kila mmoja alikuwa anawahi nini, na kama alifika.

"Huyu hapa," akasema.

Jalada lenyewe lilichukua saa moja na nusu zaidi, maana lilikuwa limehamishiwa stoo. Lilipokuja lilikuwa jembamba, kurasa tano na vumbi. Hati ya mashtaka, karatasi ya tochi yenye picha hafifu ya Corolla yetu, na kurasa mbili za mwenendo kwa mwandiko wa hakimu.

Kwa Kiingereza.

Hapo nilikaa kimya. Siku hizo, ukitoka Mahakama ya Mwanzo ambako Kiswahili kimekuwapo siku zote, mahakama za juu yake watu walizungumza Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Sheria iliyopitishwa 2021 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Baba yangu alitangulia sheria hiyo kwa miaka mitatu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu chake cha 228 cha wakati huo, ilitaka mtu akikiri kosa, kukiri kwake kuandikwe kwa kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe. Lakini maneno ya baba yangu, mtu ambaye Kiingereza alikiheshimu kwa mbali kama mkwe, yalikuwa yamelala kwenye karatasi ile kwa Kiingereza. Na mimi, niliyesomea Kiswahili bila ridhaa yake, nikawa na kazi ya kuyarudisha nyumbani.

Nitaeleza yalivyokuwa, kwa tafsiri yangu.

Saa tano asubuhi: mshtakiwa anasomewa shtaka. Anajibu kwamba si kweli. Anasema gari lake haliwezi mwendo huo. (Nilicheka hapa. Karani akaniangalia.) Hakimu anapanga kesi isikilizwe mwezi unaofuata, na anampa dhamana: mdhamini mmoja mwenye kitambulisho. Mshtakiwa anasema hana mtu katika wilaya hii. Anasema anaye kijana wake, yuko Morogoro mjini, atampigia. Kesi inawekwa pembeni kumsubiri mdhamini.

Saa saba mchana: mshtakiwa anaitwa tena. Mdhamini hajapatikana. Mshtakiwa anasema kijana hapokei simu. Anaomba apewe muda.

Saa nane: mshtakiwa anaomba akumbushwe shtaka lake.

Sentensi hii, wanaojua mahakama wananiambia, ni ya kawaida sana. Maana yake mtu anataka kubadili jibu. Anasomewa upya. Safari hii anajibu kwamba ni kweli. Maelezo ya kosa yanasomwa, anakubali yote, pamoja na picha. Anatiwa hatiani. Anaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu.

Hapa kuna mistari minne. Tafsiri ya mstari wa kwanza imenishinda mpaka leo. Kiingereza alichotumia hakimu kinaweza kuwa "nilikuwa na haraka", kinaweza kuwa "nilikuwa nakimbia", kinaweza kuwa "nilikuwa nawahi". Baba angesema lipi? Nimeyajaribu yote matatu kwa sauti yake. Nadhani alisema "nawahi", kwa sababu ndilo neno lake, kila asubuhi alilisema akitafuta viatu: wahi, wahi. Lakini sina ushahidi. Mistari mitatu inayofuata ni rahisi: kijana wangu anahitimu chuo leo. Ni wa kwanza katika nyumba yetu. Naomba mahakama initoe mapema.

Hakimu alimpiga faini ya shilingi 30,000 au kifungo cha mwezi mmoja akishindwa kulipa. Faini imelipwa. Pembeni imeandikwa saa: tisa na robo.

Karani akaniuliza kama nataka maji.

Sasa nalisema lile ambalo jalada halilisemi, maana nisipolisema haya mengine yote yatakuwa ni kumsema baba, na yeye hayupo kujibu.

Siku ile simu yangu niliizima saa nne, tulivyoagizwa. Niliiwasha saa nane na nusu, baada ya picha. Zikaingia taarifa za simu zilizokosa: sita. Namba ya baba nne, namba nisiyoijua mbili. Nilizitazama nikajua moja kwa moja kwamba ananipigia kutoa sababu. Nilikuwa na hasira na, nisijidanganye, nilikuwa nikiifurahia ile hasira. Ilinifanya nionekane mtu wa kuhurumiwa mbele ya wenzangu. Nikaitia simu mfukoni. Kuna mama ntilie karibu na chuo tulikokwenda kula pilau, kundi zima. Saa kumi na kitu, simu ikaita. Mzee. Iliita juu ya meza, ikizunguka kidogo kwa kutetema, na sisi tukaitazama. Rafiki yangu akasema, "Pokea basi." Nikasema, "Aache." Ikaita mpaka ikakata.

Toka mahakama ile mpaka Morogoro mjini hata saa nzima haifiki. Saa tisa na robo alikuwa huru. Nimepiga hesabu hii mara nyingi, hesabu ya darasa la nne, mwendo na muda. Simu ile ya saa kumi na kitu hakunipigia kutoka mahakamani.

Nakala iliyogongwa muhuri niliipata kesho yake; nililala gesti ya elfu kumi yenye kunguni wenye afya. Dar niliipeleka, pamoja na stakabadhi, kwenye ofisi inayohusika. Mara ya kwanza niliambiwa mhusika katoka. Ya pili niliambiwa mtandao. Ya tatu kijana mmoja mwenye sare akasoma zile kurasa kwa makini, akasema, "Mzee alikuwa mbishi," nikasema ndiyo, akabonyeza anapojua yeye. Baada ya wiki mstari wa pili haukuwapo. Nilijuta kidogo kuuona umetoka. Nilikuwa nimezoea kufungua ukurasa ule usiku kumtazama: Ijumaa, baada ya Chalinze, kilomita 71.

Wangu niliulipa kwa simu, shilingi 30,000, na sikubishana. Yule mtoto wa begi alikuwa kwenye zebra kweli.

Mama nilimsomea mwenendo wote, kwa Kiswahili changu, tumekaa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale pa wa kwanza katika nyumba yetu. Nikarudia. Kisha akauliza:

"Na lile taji je? Limeandikwa?"

"Taji gani, mama?"

"Taji la maua. Alilinunua Kariakoo, mimi niko Tanga, akanipigia kuniuliza rangi. Nikamwambia dhahabu."

Sikumjibu. Baada ya msiba, tulipokuwa tunasafisha gari, nililikuta kwenye buti, chini ya tairi la akiba, taji la plastiki bado limo kwenye nailoni yake. Nilidhani ni la harusi ya mtu. Niliwapa watoto wa jirani, wakalichezea bwana harusi na bibi harusi mpaka likaisha.

"Halikuandikwa," nikamwambia.